Mgodi wa Farao

Kunguru wa Jinja alikuwa amesoma, na hilo nalitanguliza kwa sababu hekaya zetu zina tabia ya kumtwika mpumbavu lawama zote, wasikilizaji wakaondoka wakidhani kisa hakiwahusu. Miaka mingi alikuwa akitua kwenye dirisha la darasa moja pale mjini, akisikiliza watoto wakisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki wamekipitia kwa Kiswahili. Kengele ikilia, alirukia ukingo wa Nile na mawazo yote yako kwenye almasi.

Asubuhi moja, kwenye jalala nyuma ya maduka ya zamani ya Main Street, alikuwa anadonoa mabaki ya rolex, ile chapati ya mayai, alipouona ukurasa wa kitabu cha kale umeloa mafuta ya chapati. Aliyeuandika ni Joseph Thomson, Mskoti aliyeikatiza nchi ya Wamasai na kufika mlima Elgon, ambao Wagisu wanauita Masaba, mwishoni mwa mwaka 1883. Kwenye miteremko ya kusini Thomson alikuta mapango makubwa, watu wakiishi ndani pamoja na ng'ombe wao. Akawauliza wenyeji ni nani aliyeyachimba. Wakamjibu kuwa ni kazi ya Mungu. Jibu hilo halikumtosha. Akaandika kwamba lazima lilikuwapo zamani taifa lenye nguvu na maarifa lililoyachimba likitafuta vito, au pengine madini ya thamani, na akajiuliza kama Wamisri waliwahi kufika kusini kiasi hicho.

Neno dhahabu halimo kwenye maneno hayo. Kunguru alilisoma hivyo hivyo.

Mkutano ukaitishwa chini ya mwembe karibu na ufuo. Fisi akawa mwenyekiti, kwa kuwa alijitolea kabla hajaulizwa. Nyani akawa katibu, Sungura akashika mfuko. Kuku, Punda, na Bata wa kule Masese wakawa wanachama wa kawaida, na mali yote iliyotumika baadaye ilitoka kwao.

"Ndugu zangu," alianza Kunguru, "maji tunayokunywa hapa yanakwenda wapi?"

"Misri!" waliitikia wote, kwani hata kifaranga wa Jinja analijua hilo. Mpelelezi Mwingereza Speke alisimama hapo Jinja tarehe 28 Julai 1862 akayatazama maporomoko aliyoyaita Ripon, na ingawa maporomoko yenyewe yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954, wageni bado wanaletwa kwa mashua kuonyeshwa pale yalipokuwa.

"Basi kama maji yetu yanafika kwa Farao, Farao atashindwaje kufika kwetu?"

Makofi yalipotulia, Korongo mweupe aliomba kusema. Kila mwaka ndege huyu hutoka Ulaya, akavuka Misri na Sudan mpaka huku kwetu, halafu akarudi. "Njia hiyo naijua kwa mbawa zangu," alisema. "Katikati kuna Sudd, mafunjo na maji yaliyotuama, siku nzima ninaruka na sioni mwisho wake. Kaisari Nero wa Roma aliwatuma askari waupande mto huu katika karne ya kwanza, na vinamasi hivyo vikawarudisha nyuma. Mwenye mashua na mizigo hapiti pale."

"Huyu ni mgeni," alisema Fisi. "Anakula nzige wetu anaondoka. Tuendelee."

Ushahidi wa pili ulikuwa mzito zaidi. Kunguru alikumbusha kwamba dhahabu ya mashariki si porojo: kule Tiira, wilaya ya Busia, imekuwa ikichimbwa tangu enzi za Mwingereza, na mpaka leo wapo vijana wanaosimama ndani ya maji ya matope na karai mkononi, wakishika zebaki kwa vidole vitupu. Tena Juni 2022 msemaji wa wizara inayosimamia madini alitangaza kuwa nchi ina mawe yenye dhahabu tani milioni 31, na humo zinaweza kupatikana tani 320,158 za dhahabu safi. Magazeti yakapiga hesabu yakafika dola trilioni 12.

Punda akanyanyua masikio. "Samahani, Mwenyekiti. Dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa duniani, tangu enzi za huyo Farao mpaka leo, inakadiriwa kuwa tani laki mbili na kidogo. Ina maana sisi peke yetu tumelalia dhahabu kushinda yote iliyowahi kuvaliwa, kuibwa na kufungiwa benki duniani? Nani aliyeipima?"

Mimi nalishikilia swali la Punda mpaka leo. Kupima mgodi ni kazi ngumu na ya gharama: unatoboa ardhi mahali pengi, unatoa mawe, unayapeleka maabara, na mpaka hapo bado umepata makadirio tu. Anayetaja kiasi cha dhahabu akaruka habari ya kutoboa ameomba aaminiwe kabla hajafanya kazi. Sungura alimjibu Punda kwamba kazi yake ni kubeba, na mkutano ukapita hapo.

Lakini nisiwaonee wanachama. Jinja iliwahi kuishi kwa madini. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe iliteremka kwa treni kutoka magharibi ya nchi mpaka hapo Jinja, ikayeyushwa kwa umeme wa lile bwawa, na watu wakapata ajira mpaka uzalishaji ulipoporomoka miaka ya 1970. Aliyelelewa na mshahara wa kiwandani, kisha akaona kiwanda kimefungwa, huwezi kumwambia kwamba ardhi haina kitu. Anajua ina kitu. Anachongojea ni mtu aje amwambie kiko wapi, na Fisi wanalijua ngojeo hilo vizuri sana.

Hisa moja ikawa trei ya mayai. Kuku mmoja mwenye vifaranga alikuwa akiweka akiba katika chama cha wenzake ili anunue bati la banda kabla ya mvua. Alipofika mezani aliishika trei yake kwa muda, Sungura akiwa ameshaushika upande wa pili, na alipoiachia aliuliza mara moja tu kama atapewa risiti. Sungura akamwambia majina yote yameandikwa. Nyani kweli aliandika majina. Risiti hakumpa mtu.

Msafara ukaondoka: Iganga, Namutumba, kisha barabara ya Tirinyi inayokatiza mashamba ya mpunga na vinamasi vya Mpologoma, karibu kilomita 150 hadi Mbale. Njiani hakuna lililotokea isipokuwa mwenyekiti kula.

Ukiingia Mbale, Wanale inakukabili kabla hujafika mnara wa saa: ukuta wa mwamba juu ya mji, na mvua ikinyesha maji huteremka humo kwa michirizi myeupe. Juu ya ukuta huo wanaishi wakulima, na mmojawapo alikuwa Shangazi Mbuzi. Shamba lake lilikuwa la kahawa ya arabika chini ya kivuli cha migomba, kahawa ile ile iliyowafanya wakulima wa Bugisu waunde umoja wao wa ushirika mwaka 1954 ili wauze wenyewe. Aliwapokea wageni kwa "mulembe", akawapa malewa, machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa karanga, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Ramani yetu inaonyesha mlango wa mgodi uko hapa kwako," alisema Nyani, akielekeza kidole kwenye mistari ya kahawa. Ramani hiyo alikuwa ameichora mwenyewe.

"Hapa nimechimba maisha yangu yote," Shangazi akamjibu. "Nimekutana na mawe na minyoo."

Wakamwambia asiwe na haraka ya kukataa, wao kwanza wanapanda juu kuthibitisha ushahidi. Wakapanda. Mlima huu umegawanywa na mpaka, Uganda huku na Kenya kule, lakini wanyama hawakaguliwi, na siku chache baadaye walikuwa upande wa pili, mlangoni mwa pango la Kitum linaloingia mlimani karibu mita 200. Ndani kuta zimejaa mikwaruzo, mirefu na iliyokaribiana, mingine imepanda juu kuliko anavyoweza kufika mnyama wa kawaida.

"Patasi," alinong'ona Kunguru. "Patasi za Farao." Alikuwa na machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli.

Jioni wakamkuta Bibi Tembo kwenye njia ya msituni.

"Shikamoo, Bibi," alisema Fisi.

"Marahaba, wajukuu."

"Sisi ni kamati kutoka Jinja. Tunafanya uchunguzi wa mgodi wa kale. Tunaomba usipite hapa usiku, wataalamu watakuwa kazini."

"Mmeniuliza ninakokwenda usiku?"

Hawakuuliza. Nyani akaandika katika daftari lake: mwenyeji hana taarifa.

Usiku huo Kunguru alilala kwenye ufa wa mwamba, ndani kidogo ya mlango wa pango. Kunguru haoni gizani, kwa hiyo yote aliyoyajua aliyasikia. Kwanza popo walihama mahali, maelfu kwa pamoja, kisha wakatulia. Halafu pumzi, nzito na za polepole, zikipita chini yake: mkonga ukipapasa sakafu, ukigusa jiwe, ukilizunguka, na nyuma yake pumzi ndogo, ya mtoto aliyefuata nyayo za mama yake. Wakaenda ndani kabisa. Ukimya. Kisha jino refu likaegemea ukuta, likakwaruza, likakwama, likasukumwa na uzito wote wa mwili, na pande la mwamba likaanguka. Mkonga ukaliokota. Na baada ya hapo ukaanza mlio ambao hakuuelewa mpaka asubuhi, mlio wa jiwe la kusagia, magego yakilivunja pande lile na kulitafuna.

Kulipokucha aliruka mpaka ukutani. Mikwaruzo mipya ilikuwa myeupe, na vumbi lake bado liko chini. Akautia mdomo wake ndani ya mmoja, akapima upana. Akapanda kwenye mikwaruzo ya kale, ile ya patasi, akapima tena. Upana ni ule ule.

"Chumvi," alisema Popo mmoja juu yake. "Hukujua? Mvua za mlima huu zinaisafisha chumvi yote kwenye majani na udongo. Mnyama mkubwa hawezi kuishi hivyo. Lakini mwamba huu ni majivu ya volkano yaliyoganda, na chumvi imebaki ndani. Mama yake alikuja hapa, na bibi yake, na nyanya wa nyanya zake. Nyati na pongo hufuata nyuma wakalamba makombo. Hata watu walileta ng'ombe wao."

Aliyosema Popo yameshuhudiwa. Wataalamu walioyachunguza mapango haya miaka ya 1980 waliwaona tembo wakichimba kwa pembe zao na kula mwamba, na wanaamini kwamba uchimbaji huo, wa vizazi na vizazi, ndio uliofanya mapango yawe makubwa hivyo.

Hapa nasimama, kwa sababu jambo lenyewe liko hapa. Thomson hakuwa mwongo. Aliona kazi kubwa, akajiuliza kwa haki ni nani aliyeifanya, na wenyeji wakamjibu kadiri ya walivyojua. Kosa lake ni kuamini kwamba kazi kubwa lazima ifanywe na mtu kutoka mbali. Kosa hilo lilikuwa ugonjwa wa zama zake. Mpelelezi Mjerumani Karl Mauch alipoyafikia magofu ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871 alidhani anaona kazi ya Malkia wa Sheba, na ilibidi wanaakiolojia, David Randall-MacIver mwaka 1905, kisha Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, wachimbue na kuonyesha kwamba waliojenga ni Waafrika wa hapo hapo. Kinachoniuma ni kwamba sisi tumerithi ugonjwa huo tukauita ushahidi wa kihistoria. Tunaokota shaka ya mgeni wa miaka mia moja na arobaini iliyopita, tunaifanya ramani, na tunampita mchimbaji mwenyewe njiani, yu hai, anakwenda kazini, ametuuliza hata swali.

Kunguru akamweleza mwenyekiti kila kitu. Fisi alimsikiliza kwa makini.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Popo. Na tembo wote."

"Hisa tumeshauza," alisema Fisi. "Wanachama walinunua mgodi wa Farao. Ukiwapelekea chumvi, wewe ndiye utakayekuwa umewaibia."

Kunguru alinyamaza. Kila nikiisimulia hekaya hii, hapo ndipo ninapomlaumu kweli. Kusoma ukurasa vibaya kunasameheka. Yeye alikuwa ameshapima kwa mdomo wake mwenyewe, akashuka na kamati mpaka Wanale, akasimama kando wakati Nyani anapanga mambo.

Kahawa ya Shangazi Mbuzi iling'olewa. Alipewa karatasi yenye mhuri. Migomba ikafuata, kwa kuwa mizizi yake iliwazuia wenye sululu, kisha miti ya ukingoni. Wakachimba mitaro mitatu kushuka na mteremko. Shangazi aliwaonyesha ufa ulioanza kufunguka juu ya shamba, upana wa kwato, akawaambia ambacho kila mkulima wa Masaba angewaambia: ufa unaopokea maji hauzibiki, unahama. Nyani alisema huo ni dalili ya shimo chini, yaani mgodi.

Mlima huu hautaki mzaha. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mteremko uliteremka juu ya kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, na mamia ya watu wakafa au wasionekane tena. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale na ikaua watu zaidi ya ishirini. Waliozika wakati ule hawahitaji hekaya ya mnyama yeyote kuwaeleza maana ya mteremko uliovuliwa miti.

Mvua ilikuja usiku. Mitaro ikakusanya maji, maji yakauingia ufa, na kabla ya alfajiri nusu ya shamba ilikuwa imeshuka. Shangazi Mbuzi aliokoka kwa sababu hakulala. Alikaa nje akiusikiliza udongo. Banda lake halikuokoka. Kamati ilikuwa mjini, karibu na mnara wa saa, ikiandaa ripoti.

Mkutano wa mwisho ulifanyika Jinja, chini ya mwembe ule ule. Fisi aliripoti kwamba mgodi haujakosekana, umegundulika kuwa mbele zaidi, huko Karamoja, na kwamba hisa za awamu ya pili zitaanza kuuzwa leo. Sungura alikuwa ameshafungua mfuko. Wanachama wengine, nasema kwa uchungu, walikuwa wameshapanga foleni.

Bibi Tembo alitembea kutoka mlimani mpaka hapo, na Shangazi Mbuzi alikuwa pamoja naye. Hakuna aliyemwalika. Alisema maneno machache.

"Wanauliza nani alichimba. Mimi nimechimba, na mama yangu alichimba. Tulikuwa wengi. Miaka ya 1970 na 1980 walikuja wenye bunduki, na hao walitujua kuliko ninyi, maana pango hawakulitaka. Walitaka sululu zetu." Akainua pembe zake, zilizolika ncha kwa mwamba. "Tuliobaki tunaingia usiku."

Ndipo Kunguru akashuka kutoka tawini. Akauweka chini ukurasa wa Thomson, akasema mbele ya wote alichokisikia pangoni, alichokipima, siku aliyomwambia mwenyekiti na jibu alilopewa. Kuku mwenye vifaranga akasimama. "Mayai yangu yako wapi?" aliuliza. Nyani akalifungua daftari, na majina yote yalikuwamo, kama alivyoahidiwa. Safu ya pili, ya mali iliyotumika, ilikuwa tupu.

Baraza liliamua hivi: hisa zirudishwe, Shangazi Mbuzi alipwe shamba lake, na mitaro ifukiwe kabla ya mvua nyingine. Fisi alikubali yote akaomba muda. Hajarudi. Mayai hayajalipwa hata moja. Shangazi amepanda miche mipya pale palipobaki udongo, na kahawa huchukua kama miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza. Mitaro miwili kati ya mitatu bado iko wazi. Wewe unayesoma haya na una ndugu Mbale, mtumie jembe. Na ukimwona Fisi huko Karamoja na mfuko wa hisa, usiondoke hapo kabla hajaonyesha matundu aliyotoboa, na mbele ya kila aliye kwenye foleni mdai mayai ya Kuku.